Mrejesho: wifi wa Moshi na majibu ya ultrasaundi

Wapendwa, niliuliza nimsaidieje wifi aliyeambiwa mtoto tumboni ana mgongo wazi (uti wa mgongo haukufunga vizuri). Hoja iliyopunguza kujilaumu: mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wengi hata hawajajua wana mimba. "Nilikula nini?" hupoa hapo, ingawa hurudi usiku.

Kliniki aende na mtu wa kuandika. Mshtuko hufuta nusu ya maneno ya daktari. Msimwambie "utapata mwingine", huyu bado anacheza tumboni. Usingizi na hamu ya kula vikipotea zaidi ya wiki 2, aseme.

Foliki asidi (vitamini inayopunguza hatari ya mgongo wazi) ya mimba ijayo: miligramu 4 au 5 kwa siku, aandikiwe na daktari, aanze kabla ya kushika mimba. Ile ya kawaida ya miligramu 0.4 haimtoshi.

Mashangazi wa Machame nao wameacha habari za laana.