Mrejesho: ile muvi ya kuangalia na mamangu

Haya wadau, ni mimi wa Kisumu niliyeuliza muvi gani ya mapenzi ya kuchekesha, yenye nyimbo za zamani, naweza angalia na mamangu bila mtu kuona haya. Wengi mlisema Mamma Mia! ya 2008, basi Jumapili tukaiweka hapa Migosi, stima ikakubali kukaa, na pale wanawake wa kisiwa wanaacha kazi zao wanateremka mpaka baharini na wimbo wa Dancing Queen, mama akasukuma sinia ya omena aliyokuwa anachambua akaanza kuimba, kumbe ABBA, lile kundi la Sweden lenye hizo nyimbo, anawajua tangu enzi za redio na mimi nilidhani ni Franco na rumba tu. Stori mnaijua, Sophie anaolewa huko Ugiriki, anasoma daiari ya mamake, Donna, halafu anaalika wanaume watatu kisirisiri juu hajui babake ni yupi. Mama akaguna, "Na huyu Donna naye!" lakini alicheka mpaka machozi. Pierce Brosnan, anayeigiza mmoja wa hao watatu, kuimba hawezi, tusidanganyane, ila ndiyo utamu wenyewe. Sasa mama anadai ile ya pili, ya 2018, yenye Cher, bando ya gigi 2 itatosha kweli?