Naomba ushauri: mama anataka vidonge vya NMN

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yangu ni mtu mzima, tunaishi Majengo hapa Mombasa, na anatumia dawa za presha na sukari. Jirani kamletea kopo la vidonge vya NMN (kirutubisho cha nyongeza), eti vinarudisha ujana. Kopo lenyewe halina jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha, na bei yake inakaribia kodi ya nyumba!

Nimesoma kidogo. Mwili hugeuza NMN kuwa NAD+, koenzaimu (molekuli inayosaidia vimeng'enya kufanya kazi) inayobeba elektroni za chakula hadi kwenye mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, ili seli ipate nguvu. Wanasayansi Harden na Young waliigundua 1906 wakichunguza hamira. NAD+ husaidia pia kukarabati DNA, na hupungua umri ukisonga. Hayo nayakubali. Lakini habari nyingi nzuri za NMN ni za panya, na vitamini B3, ambayo mwili huitumia kutengeneza NAD+, tunaipata kwenye samaki na njugu.

Wafamasia na madaktari, nawaomba sana: vidonge hivi vinaweza kugongana na dawa zake? Na nimwambieje bila kumvunja moyo, maana ameviwekea matumaini kwelikweli?