Aliyesuswa na ukoo toka udogoni: kwa nini moyo haupoi hata ukubwani?

BintiMtambwe: Assalaam alaykum. Mtu kalelewa akiitwa nuksi ya nyumba: likiharibika jambo ni yeye, ikija shughuli haambiwi. Leo ni mtu mzima, ana kazi na watoto Unguja, lakini simu ya Pemba ikilia anatetemeka, na mkubwa wake kazini akinyamaza kidogo tu anaona keshafukuzwa. Idi hii kaalikwa kwao Wete, Pemba. Aende? Na hali hii inatoka vipi?

Mnasihi: Waalaykum salaam. Msikimbilie kusema ana shetani. Mtoto hana pa kwenda ila kwa wazee wake, kwa hivyo wakimtenga hathubutu kuona kuwa wao ndio waliokosea. Hujiambia "mbaya ni mimi", na kauli hiyo ndiyo inayomfuata ukubwani. Ndipo unamuona anaomba radhi kwa kosa lisilo lake, anatoa pesa kupita uwezo ili akubalike, anamkimbia mwenza mwema kabla hajaachwa. Huzuni nayo haina matanga, maana aliowakosa wako hai.

Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake, Marekani, walipima ubongo wa watu wakicheza kurushiana mpira kwenye kompyuta. Walipoacha kurushiwa, zilichangamka sehemu zinazohusika pia na adha ya maumivu ya mwili. Na huo ni mchezo wa dakika chache tu! Sasa mpime aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo.

Mkaa_Chake: Kwenda anaweza, ila asilale nyumba ile. Atafute kwanza pa kulala, na ami au shangazi mmoja anayemstahi akae naye. Saa mbili zinatosha. Akae karibu na mlango. Mkono ukianza kutetemeka juu ya sinia, avute pumzi kwa kuhesabu 4, aitoe kwa 6, mara kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayotuliza mapigo. Wakimchokoza awe na jibu moja: "Nimekuja kukupeni mkono wa Idi, ya nyuma si ya leo." Wakizidi, alirudie lile lile, kisha aage.

Wengi huharibu kwa kudai haki yao pale mkekani mbele ya wageni. Ukoo hushikana papo hapo, na yeye anakuwa "huyo keshaanza". Mwenye la kusema amfuate mzee mmoja, siku nyengine.

Ustadh_M: Asitishwe kuwa anakata udugu. Salamu ya simu nayo ni kuunga, na hakuna aliyelazimishwa kukaa anapodhalilishwa. Akiambiwa "hurithi kitu", ajue kususwa hakumtoi mtu kwenye faraidhi, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu. Wasia hauvuki thuluthi, na hauwezi kumuongezea mrithi mmoja bila ridhaa ya wenzake. Ugomvi wa mirathi upelekwe kwa Kadhi.

Mnasihi: Nyongeza. Achore safu tatu kwenye daftari: lawama aliyopewa, umri wake siku ile, na kilichosababisha jambo lenyewe kweli. Mtoto wa miaka 6 kulaumiwa kwa biashara ya baba kufilisika, akiliona limeandikwa, linaanza kupoteza nguvu. Afanye mchana, lawama moja kwa siku; usiku peke yake humzamisha. Usingizi na hamu ya chakula vikipotea wiki mbili, aende hospitali. Kwa Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Akianza kusema bora afe, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo.