Tupeane uzoefu: uliyejinyima chakula ukarudi mezani, mwili ulikufanyia nini?

Binti wa Chuno: Habari zenu wapendwa. Naomba leo tuongee bila kuchekana. Nilianza na dayati ya kawaida chuoni, kupunguza wanga tu. Nikaacha mafuta, nikaacha nazi (mtu wa Mtwara anaacha nazi, hapo mngenishika mkono), mwisho nikawa naishi kwa chai ya rangi na matango. Nyumbani wakasema jini. Kwa mganga nilipelekwa mara mbili kabla daktari hajasema ni anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula.

Kilichoanza ni baridi. Desemba, watu wanalala barazani kwa joto, mimi nina shuka mbili na soksi. Siku zangu zikakata miezi minane. Nywele zinabaki kwenye kitana, huku mgongoni naota malaika, vile vinywele laini, kama kichanga. Nikisimama ghafla, giza. Mapigo ya moyo yalikuwa 42 kwa dakika nikiwa nimekaa, nami najisifu nina moyo wa mwanariadha. Kumbe moyo nao ni msuli, unapungua kama mapaja yalivyopungua.

Sasa nina mwezi wa nne narudi kula, na hili ndilo hatukuambiwa: miguu ilivimba viatu vikagoma, vijiko vitano vya uji tumbo linajaa hadi shingoni, usiku jasho linalowesha godoro. Njaa ilipoamka ndiyo usiseme, namaliza sufuria ya ming'oko na saa moja baadaye natafuta tena. Ni mimi tu?

Kaka wa Nachingwea: Si wewe tu, dada. Mdogo wangu alipokubali kula tulishangilia. Shangazi akapika wali, kuku, juisi ya embe jagi zima. Siku ya tatu mikono ganzi, pumzi za juu juu, anaongea asiyoyajua. Tukadhani kalishwa sumu. Hospitali wakakuta madini ya fosfeti na potasiamu yameporomoka kwenye damu. Alilazwa wiki mbili. Shangazi mpaka leo anajilaumu.

Nesi mstaafu, Lindi: Mwambie shangazi asijilaumu, hata sisi zamani tulikosea. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu unajiendesha kwa kuchoma mafuta na misuli yake. Ukiuletea wanga mwingi ghafla, insulini inapanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuziingiza kwenye seli. Moyo unayumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili wako wafungwa waliokombolewa wakafa walipoanza kulishwa. Ndiyo maana aliyekonda sana huanzia hospitali: kidogo kidogo, vitamini B1 kwanza, damu ikipimwa mara kwa mara siku za mwanzo. Ile dripu ya sukari "ya kumpa nguvu" ya duka la dawa, acheni kabisa.

Binti, uvimbe wa miguu mara nyingi hupungua wenyewe kwa wiki kadhaa, ila mweleze daktari wako. Usimeze vidonge vya kukojoza.

Mzee wa Mikindani: Ugonjwa wa wazungu huo. Huku anoreksia yetu ni Februari, ghala tupu.

Binti wa Chuno: Shikamoo mzee. Mwenye njaa ya Februari ukimpa sahani anakula. Mimi sahani ilikuwa mbele yangu.

Mwalimu, Ruangwa: Binti, njaa yako hiyo si ulafi. Marekani mwaka 1944 hadi 1945 wanaume 36 walijitolea kupunguziwa chakula miezi sita ili wachunguzwe. Waliporuhusiwa kula, wengine walikula mno na bado hawakushiba.

Mama wa Masasi: Mimi nilipona nikiwa na miaka 23. Siku zangu zilirudi baada ya mwaka mzima wa kula, na watoto wawili ninao. Ila mwaka juzi niliteleza kisimani, kiganja kikavunjika kirahisi hivyo hivyo. Picha ikaonyesha mifupa imepungua. Usichana ndio wakati mifupa inaweka akiba. Mimi yangu niliitumia. Dagaa nakula, maziwa nakunywa, yote hayajarudi.

Binti wa Chuno: Pole mama, hilo la mifupa sikulijua. Nesi, na haya malaika ya mgongoni yataondoka lini? Kuna harusi mwezi ujao, gauni liko wazi nyuma.

Nesi mstaafu, Lindi: Yataondoka uzito ukirudi, ila harusi hiyo hayataiwahi. Jifunge mtandio.