Mjadala: Fedha za umma kwa wagonjwa wa selimundu ziende wapi kwanza, kwenye uloto au kwenye vidonge?

Mleta hoja

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilipoanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, mwaka 2023, wengi wanauliza kwa nini Serikali isiweke nguvu zake zote kwenye tiba hiyo inayoponya, badala ya kuendelea kuwapa wagonjwa vidonge vya kumeza maisha yao yote. Ninalielewa swali hilo na ninajivunia hatua ya Dodoma. Hata hivyo, natoa hoja kwamba fedha za umma zianze na mambo mawili yasiyo na fahari yoyote: kumpima kila mtoto mchanga, na kuhakikisha haidroksiurea, ndiyo vidonge vyenyewe, inapatikana wakati wote katika kila hospitali ya wilaya.

Sababu yangu ya kwanza ni hesabu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Upandikizaji wenye matokeo bora zaidi, ambao zaidi ya asilimia 90 ya watoto hupona, ni ule ambao uloto unatoka kwa ndugu wa baba na mama mmoja mwenye aina ya tishu inayolingana kabisa na ya mgonjwa. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Lakini kwa kuwa wazazi wote wawili kwa kawaida ni wabebaji wa kinasaba, ndugu huyo huyo ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mgonjwa naye, na hapo hafai kuchangia. Ukizidisha utaona kwamba uwezekano wa ndugu mmoja kufaa haufiki asilimia 19, na hata mtoto mwenye ndugu watatu kamili anabaki na uwezekano wa asilimia 46 hivi. Hii ina maana kwamba hata Hazina ingefungua mkoba wote kesho asubuhi, wagonjwa wengi wangeachwa nje na maumbile yenyewe kabla hatujafika kwenye bei.

Sababu ya pili ni kwamba vidonge hivi vinadharauliwa kuliko vinavyostahili. Haidroksiurea huuchochea mwili kutengeneza tena himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Ilianza kama dawa ya saratani, ikaidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, na kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba ingewadhuru watoto wetu wanaoishi na malaria. Utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume chake: kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka mmoja, matukio ya maumivu makali yalishuka kutoka 98 hadi 45, malaria kutoka 47 hadi 23, kuongezewa damu kutoka mara 43 hadi 14, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1.

Kuhusu tiba ya vinasaba, inayorekebisha chembe za uloto za mgonjwa mwenyewe, sitasema mengi. Mojawapo, Casgevy, iliidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na hata ingetolewa bure, mgonjwa bado angehitaji dawa kali za kuusafisha uloto wake na wodi maalumu ya kumtenga na maambukizi.

Mchangiaji, mzazi kutoka Mwanza

Ndugu mleta hoja, hesabu yako nimeifuata na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba umewaweka wagonjwa wote katika kapu moja. Binti yangu alipata kiharusi akiwa na umri wa miaka sita, na alikuwa anameza haidroksiurea. Tangu hapo anaongezewa damu kila mwezi. Naomba wasiolijua jambo hili walitafakari: kila mwezi ndugu na majirani waombwe kuchangia damu, na kadiri miaka inavyokwenda madini ya chuma yanajikusanya katika ini na moyo wa mtoto, mpaka ahitaji dawa nyingine ya kuyatoa, ambayo katika maduka mengi ya dawa huku kwetu hata jina lake halijulikani.

Umenukuu utafiti wa mwaka 2019, nami nakumbusha kwamba utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganisha. Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya kuanza dawa. Kuna utafiti mwingine wa Marekani ambao hukuutaja, uliohusu watoto waliokwisha kupata kiharusi. Waliobaki kwenye damu hawakupata kiharusi kingine hata mmoja, ilhali kati ya 67 waliohamishiwa haidroksiurea, 7 walikipata tena. Kwa mtoto kama wangu, vidonge si mbadala. Kaka yake amepimwa na tishu zao zinalingana. Unaponiambia nisubiri mpaka kila wilaya ipate vidonge, unamwambia mtoto huyu asubiri kitu ambacho hakimhusu.

Mchangiaji, muuguzi wa kliniki ya selimundu

Mama, pole sana, na nakubaliana nawe kuhusu kiharusi. Ila ningependa wote wawili mtazame kinachotokea kliniki, kwa sababu mnazungumza kana kwamba tunayo tayari haidroksiurea inayofanya kazi kama ilivyofanya katika utafiti.

Kapsuli tunayopewa kwa kawaida ni ya miligramu 500. Mtoto wa kilo kumi anahitaji kama miligramu 200 kwa siku. Mama anaambiwa aifungue kapsuli, aikoroge katika maji aliyoyapima, ampe mtoto sehemu yake, kisha anawe mikono vizuri kwa kuwa dawa hiyo si ya kuchezewa. Wapo wanaoweza, na wapo wanaorudi wakiwa wamekata tamaa. Dozi inatakiwa ipandishwe taratibu kwa kufuata kipimo cha picha nzima ya damu, lakini vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikiisha maabara, sisi tunaogopa kupandisha, na mtoto anabaki mwaka mzima kwenye dozi ndogo. Baadaye watu husema dawa imeshindwa. Wengine huiacha wenyewe mara maumivu yanapopungua, na wengine huiacha siku jirani anapowaambia kwamba ni dawa ya kansa.

Kwa hiyo mimi naunga mkono hoja, ila kwa sharti: tusihesabu vidonge vilivyonunuliwa, tuhesabu watoto waliofikishwa kwenye dozi inayowafaa. Na kuhusu vichanga, vipo vipimo vya haraka vya tone la damu la kisigino vinavyotoa jibu papo hapo. Mtoto akijulikana mapema huanzishiwa penisilini, ambayo tangu mwaka 1986 inajulikana kupunguza sana maambukizi ya nimonia na damu kwa watoto hawa. Wengi tunaowapoteza hufariki kabla ya umri wa miaka mitano, na baadhi yao bila familia kujua kwamba ilikuwa selimundu.

Mchangiaji kutoka Muscat

Ndugu zangu, mbona hakuna anayegusia kupimana kabla ya ndoa? Saudi Arabia imelifanya kuwa sharti tangu mwaka 2004. Pia siku hizi mzazi anaweza kuchangia uloto hata kama tishu zinalingana nusu tu, kwa hiyo hesabu ya ndugu si kikomo.

Mleta hoja

Kupimana kabla ya ndoa ni mada inayostahili mjadala wake, lakini haimsaidii aliyekwisha kuzaliwa, nami ningependa tusitoke nje ya hoja. Uloto wa nusu mlingano ni kweli upo na unaendelea kuboreka. Ila unahitaji dawa nyingi zaidi za kuzuia mwili usiukatae na uloto usiushambulie mwili, pamoja na ufuatiliaji wa karibu wa muda mrefu. Kituo kinachoanza hujijengea uzoefu kwanza kwa wagonjwa wenye ndugu anayelingana kabisa.

Mama wa Mwanza amenibana mahali panapostahili. Hoja yangu inahusu fedha zianzie wapi kwa wagonjwa wote kwa ujumla, na sioni sababu ya mtoto mwenye kiharusi na ndugu anayelingana kupangwa kwenye foleni moja na mtoto ambaye hajawahi hata kulazwa. Nafasi chache za Dodoma ziende kwanza kwa watoto wa namna hiyo, na gharama zao zibebwe na umma, kwa kuwa makumi ya mamilioni ya shilingi si fedha ambazo familia ya kawaida inaweza kuchangisha. Wasioweza kupata uloto lakini mishipa ya ubongo wao inaonyesha damu ikikimbia kwa kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, waanzishiwe damu kabla kiharusi hakijafika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 umeonyesha kwamba baadhi yao, wakishaongezewa damu kwa angalau mwaka mmoja, wanaweza kuhamishiwa haidroksiurea kwa usalama. Hapo ndipo kipimo cha mishipa ya ubongo kinapokuwa muhimu kuliko mashine nyingi tunazozinunua, na kipo katika hospitali chache mno.

Lakini kwa wanaotaka uloto uwe ndiyo sera yenyewe, naomba wanijibu swali moja ambalo halijaguswa. Dawa zinazotumika kuusafisha uloto wa zamani zinaweza kumnyima mtoto uwezo wa kuzaa, na wapo watoto wachache wanaofariki kwa tiba yenyewe. Mtoto ambaye maisha yake yametulia kwa kidonge kimoja kwa siku, nani atamwamulia aingie katika hatari hiyo, mzazi peke yake, jopo la madaktari, au asubiriwe akue aseme mwenyewe, wakati tunajua kwamba matokeo huwa bora zaidi mgonjwa akipandikizwa akiwa mdogo?