Tupeane uzoefu: kazi gani ya kale ilikufundisha kushawishi kwa kalamu?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tupeane uzoefu juu ya kazi mbili zinazowatoa jasho wanafunzi wa fasihi: kuandika maoni yako kuhusu kitabu cha zamani, na kuandika insha ya kushawishi. Mara nyingi hufundishwa mbalimbali, kila moja na muhula wake. Mimi naamini ni somo moja. Ukimfuatilia mhusika wa kale anavyomshawishi mwenzake, ukaeleza kwa makini kwa nini mwenzake alikubali au alikataa, umeshaanza kujifunza kuandika insha yako.

Naanza na yangu. Tulisoma Julius Caesar ya Shakespeare, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, tukaambiwa tuandike nani alihutubia vizuri zaidi kwenye mazishi ya Caesar: Brutus, mmoja wa waliomuua, au Antony, rafiki wa marehemu. Karibu darasa zima tulimchagua Antony, na sababu yetu ikawa takriri. Anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka heshima yenyewe inageuka shutuma. Mwalimu hakukataa. Alirudisha madaftari na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Wosia anausoma lini?"

Swali hilo lilinifanya nirudie onyesho zima. Antony anautaja wosia mapema, anawaonyesha watu, halafu anakataa kuusoma. Watu wanapiga kelele wausikie. Badala ya kuusoma anashuka, anawapanga kuizunguka maiti, anawaonyesha vazi lilivyotobolewa, tundu kwa tundu, na kwa kila tundu anamtaja aliyelitoboa. Kisha analifunua vazi wauone mwili. Umati unawaka, unaanza kuondoka kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Kumbe wosia wameshausahau! Antony ndiye anayewaita warudi na kuwakumbusha. Hapo sasa anausoma: kila raia wa Roma apewe drakma 75, na bustani za Caesar ziwe za watu wote.

Kwa nini umwite mtu ambaye tayari anakwenda kufanya unalolitaka? Niliandika kwamba hasira ya kuona damu hupoa, ila mtu akijua marehemu alimwachia kitu, anajiona kadhulumiwa yeye mwenyewe. Antony anawaongezea sababu itakayobaki hata machozi yakikauka. Brutus alitoa sababu zake zote kwa nathari safi, akamwachia mpinzani neno la mwisho, akaondoka asimsikilize. Tangu siku ile, kabla sijaandika insha yoyote ya kushawishi najiuliza ushahidi wangu mzito uje wakati gani, na msomaji atakuwa na hali gani akiufikia.

Tena kuna onyesho linalofuata, fupi sana. Umati uleule unamvamia Cinna mshairi kwa kuwa tu jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama. Anajieleza kwamba yeye siye, na bado wanamshambulia. Kwa maoni yangu, anayeisifu hotuba ya Antony bila kuligusa onyesho hili hajamaliza kazi yake.

Karibuni. Semeni kazi gani, mliandika nini, na ilibadilisha nini katika uandishi wenu.

Wino Mzito

Ahsante mleta mada, umenikumbusha mbali. Kwangu ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Anajitetea barazani kwa siku sita, na utetezi wake wote ni visa vya wajumbe waliotumwa nchi nyingine kutafuta mema, wakarudi na habari njema, wakatupwa gerezani.

Wanafunzi wengi huandika kwamba Karama alikuwa jasiri. Sisi mwalimu alituzuia kabisa kuandika hivyo. Alitupa kazi ya kuandika hotuba ya Majivuno, tena iwe na nguvu kiasi cha kumtisha anayempenda Karama. Mwanzoni iliniudhi, nilimchukia yule waziri. Lakini nilipokaa kuiandika niliona hofu yake ina mantiki: nchi iliyozoea mambo yake, mtu mmoja anakuja kuwafundisha watu kudai na kuhoji, nani atajua mwisho wake? Niliiandika hofu hiyo kwa dhati.

Kilichofuata ndicho nilichobaki nacho. Niliposoma upya utetezi wa Karama niliona anaijibu hofu ileile bila kuitaja. Habishani na Majivuno kuhusu sheria. Anawaonyesha wasikilizaji wake gharama ya kutosikiliza, mjumbe baada ya mjumbe, mpaka kesi inageuka na baraza lenyewe ndilo linalohojiwa. Siku hizi nikiwa na hoja, natangulia kuandika ukurasa mzima wa mpinzani wangu. Nikishindwa kuujaza, najua sijaielewa mada.

Mlezi wa Kurasa

Mimi nafundisha fasihi, hivyo nitaleta uzoefu wa upande wa pili wa meza.

Huwa nawapa wanafunzi kitabu cha tisa cha Iliad ya Homer, pale Achilles amekasirika, amejitoa vitani, na wanatumwa watu watatu kumbembeleza: Odysseus, Phoenix na Ajax. Majibu ya kwanza ya darasa huwa mstari mmoja: ujumbe ulishindwa, Achilles alikataa. Nawaambia rudini, linganisheni anavyomjibu kila mmoja.

Odysseus anakuja na orodha ya zawadi za Agamemnon, mfalme aliyemuudhi Achilles: dhahabu, farasi, miji saba, hata binti wa kuoa. Anaitaja yote. Neno moja la Agamemnon analificha, lile la kwamba Achilles anyenyekee kwa sababu yeye Agamemnon ni mfalme mkubwa zaidi. Achilles anamjibu kwamba anamchukia mtu anayeficha jambo moyoni na kusema lingine, na kwamba kesho atapakia merikebu zake arudi kwao. Anakuja Phoenix, mzee aliyemlea, anamkumbusha utoto wake na kumsimulia kisa kirefu. Sasa Achilles anasema kesho wataamua kama waende au wabaki. Mwisho Ajax, maneno machache tu, tena anaanza kwa kumwambia Odysseus waondoke, maana mtu huyu hajali mapenzi ya wenzake. Achilles anakiri kwamba Ajax amesema yaliyo moyoni mwake mwenyewe, na hataji tena safari. Anasema hatapigana mpaka Hector, shujaa wa adui, azifikie merikebu zake Achilles.

Kwa hiyo ujumbe haukushindwa kwa kiwango kimoja. Kila msemaji alimsogeza kidogo, na aliyemsogeza hadi hapo mwisho ndiye hakuahidi chochote.

Mwanafunzi mmoja aliandika katika jibu lake kwamba zawadi zilimuumiza Achilles zaidi, kwa sababu zilimwambia ana bei. Sikuwahi kuliona hilo likisemwa kwa ufupi namna ile. Baadaye kazi ikawa kuandika barua ya kuomba maktaba iachwe wazi jioni wakati wa mitihani. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa orodha ya faida: tutasoma zaidi, tutafaulu, shule itasifiwa. Nikamuuliza, "Huyu unayemwandikia ni Achilles au ni nani?" Alikwenda akaongea na mkutubi. Rasimu ya pili ilianza na yale yanayomkosesha mkutubi usingizi: vitabu kupotea, taa kuachwa zinawaka, na nani atafunga mlango. Akapendekeza daftari la zamu, majina na saa. Faida kwa wanafunzi aliziandika sentensi moja mwishoni. Maktaba iliachwa wazi.

Aya ya Tatu

Mlezi wa Kurasa, hiyo ya mkutubi naihifadhi.

Yangu ni fupi. Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813. Bwana Collins anamposa Elizabeth kwa kumpangia sababu za kuoa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na zote zinamhusu yeye. Baadaye Darcy, ambaye naye alishakataliwa, anaandika barua ndefu inayojibu mashtaka mawili aliyotupiwa, na anaanza kwa kuahidi hatarudia kuomba ndoa. Elizabeth anaisoma kwa hasira, anaikunja, anaifungua tena. Niliandika kwamba barua inafanya kazi kwa sababu haiombi kitu. Inampa habari, na kumtaja mtu anayeweza kuithibitisha. Nikiandika barua ya maombi ya kazi naisoma mara ya pili nikimtafuta Collins ndani yake.

Fikra Huru

Wakuu nina wasiwasi kidogo. Hizi kazi zote si zinafundisha watoto kuwachezea watu akili? Antony amesababisha mtu asiye na hatia kuuawa. Tunasifia nini hapo?

Mleta mada

Ndugu Fikra Huru, wasiwasi wako ni wa haki, na ndiyo sababu nilimtaja Cinna. Aristotle alizitaja njia tatu za kushawishi: mwenendo wa msemaji, hisia za msikilizaji, na hoja yenyewe. Mwanafunzi akijua hizo tatu anaweza kusema wapi anasogezwa na hoja na wapi anasogezwa na vazi lenye damu. Asiyefundishwa atasogezwa vilevile, ila hatajua na nini. Nawaomba walimu wote waliomo humu: msiwaulize wanafunzi tu "mbinu gani imetumika". Waulizeni pia "je, ilistahili kukubaliwa?" Hilo la pili ndilo linalomfanya mtoto aandike maoni yake mwenyewe, siyo majina ya tamathali.

Rasimu ya Kwanza

Shikamooni. Mimi bado mwanafunzi, nimekuwa nawasoma kimya kimya. Nina kazi ya kuandika maoni juu ya A Modest Proposal ya Jonathan Swift. Nimeisoma nimekasirika kweli, mtu anapendekeza watoto wa maskini waliwe! Rafiki yangu ananiambia ni kejeli, nisikasirike. Sasa niandike nini? Na je, hasira yangu niiweke kwenye insha?

Mlezi wa Kurasa

Marahaba mwanangu. Hasira yako iweke, ni ushahidi. Kujua kwamba ni kejeli hakukuondolei sababu ya kukasirika. Kunakuonyesha umkasirikie nani.

Swift aliitoa mwaka 1729, Ayalandi ikiwa na njaa na wamiliki wengi wa ardhi wakiishi Uingereza kwa kodi za wapangaji wao. Anayezungumza humo si Swift. Ni mtu wa mahesabu, mpole, anayejali nchi yake, na anahesabu watoto kama mifugo. Angalia anavyotumia tarakimu na sauti ya utulivu. Kama ungemsikiliza bila kujua anahesabu nini, ungempigia makofi. Andika juu ya hilo: sauti inakubalika, jambo halikubaliki, na msomaji amebanwa katikati.

Kisha nenda karibu na mwisho. Kuna aya anasema asisikie mtu akimtajia njia nyingine, halafu anazitaja njia zenyewe: kuwatoza kodi wamiliki wasioishi nchini, kutumia bidhaa zilizotengenezwa nyumbani, kuwafundisha wamiliki wawahurumie wapangaji wao. Isome taratibu.

Rasimu ya Kwanza

Nimeisoma sasa hivi. Mwalimu, hizo njia anazozikataa si ndizo zenye akili? Kwa hiyo anazikataa ili sisi tuzione?

Mlezi wa Kurasa

Hiyo ndiyo hoja yako kuu. Anza nayo, weka dondoo mbili kutoka aya hiyo na moja kutoka kwenye mahesabu ya mwanzo, kisha umweleze msomaji kwa nini Swift hakuziandika njia hizo waziwazi. Ukimaliza rasimu iweke hapa tuisome pamoja.