Chaji, kani na uga: fizikia ya sekondari ifundishwe Kiswahili au tuache hivi hivi?

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Leo Form Two, mada ya umeme tuli. Nimesugua rula ya plastiki kwenye nywele za dogo mmoja, nikaisogeza kwenye vipande vya karatasi, vikarukia rula. Darasa zima “aaah!” Nikauliza kwa Kiingereza sababu ni nini. Kimya kama msibani. Nikauliza kwa Kiswahili, mikono kama kumi ikapanda, na binti wa dawati la nyuma akasema: “Rula imejaa hasi, imewafukuza hasi wa karatasi wakakimbilia nyuma, mbele wakabaki chanya, ndiyo wakavutwa.” Jibu kamili! Kwenye mtihani atapata sifuri kwa kukosa sentensi ya Kiingereza. Sera ya elimu ya 2014 ilitamka Kiswahili ngazi zote, miaka inakatika. Mnasemaje?

Kichwa Ngumu: Mnataka kutuzalishia wanasayansi wa kata. Eti eneo ambamo chaji inavuta na kusukuma liitwe “uga wa umeme”. Uga ni pale bibi yangu anapoanika mihogo. Sheria ya kani ya chaji aliitunga Coulomb, Mwingereza, 1875, mwacheni na lugha yake.

Mpwani: Mfaransa, ndugu yangu, na ni 1785. Kwa hoja yako wanao wasome Kifaransa.

Kichwa Ngumu: Tarakimu zimeteleza kidole. Sasa nitafsirie hiyo sheria bila mtoto kusinzia.

Mpwani: Chaji mbili zikiachana umbali mara mbili ya mwanzo, kani, yaani nguvu ya kuvutana au kusukumana, inashuka hadi robo. Umesinzia?

Fundi Kapasita: Mimi naunga mkono Kiswahili ila kuna shimo hapa mnaliruka. Tatizo siyo uga, ni CHAJI. Mtaani “simu imeisha chaji”. Mtoto anaingia darasani akijua chaji ni kitu kinachotumika kikaisha, kama mafuta ya taa. Wakati simu iliyozima ina elektroni zilezile, hakuna hata moja iliyoliwa. Kilichopungua ni nishati. Unamwambiaje huyo mtoto kwamba chaji haiumbwi wala haipotei? Hapo ndipo neno letu linatugeuka.

Kichwa Ngumu: Fundi, maneno marefu hayo. Wekeni Kiswahili kama mnataka, ila Sumbawanga hamtawafundisha umeme, wenzenu wana maabara yao, radi wanaituma kwa oda na inafika mlangoni kama bodaboda 😂

Binti wa Ufipa: Nilikuwa nasoma kimya kimya. Sasa nimeguswa. Kaka, umewahi kufika Sumbawanga, au unapajua kwa vichekesho vya daladala? Nimezaliwa huko. Ufipa ni nyanda za juu, ikifika Desemba wingu linalala juu ya paa. Sehemu ya chini ya wingu imejaa chaji hasi, ardhi inajibu kwa chanya. Hewa kavu inasalimu amri uga ukifika kama volti milioni 3 kwa mita, na penye kitu kirefu chenye ncha uga unabanana zaidi. Mti mmoja katikati ya shamba, mchungaji amejikinga chini yake. Basi. Nani kamtuma nani?

Kichwa Ngumu: Mbona povu? Ni utani tu, watani hawakasirikiani.

Binti wa Ufipa: Sisi na wewe tumetaniana lini? Kabila lako silijui. Huko kwetu vikongwe wanasingiziwa uchawi kwa utani huo huo.

Jirani wa Njombe: Dada yuko sahihi. Ila swali la pembeni: Julai huku nikivua sweta usiku taa imezimwa naona cheche kabisa, ta-ta-ta. Wife anasema nina kitu. Ni hiyo hiyo?

Fundi Kapasita: Hiyo hiyo, ni radi ya mfukoni. Hewa ya kipupwe ni kavu, chaji haina pa kuponyokea. Na hakuna aliyejibu hoja yangu ya chaji, nimeona.

Mpwani: Ahaa! Ndiyo maana Tanga mwalimu wetu alisugua peni mpaka jasho likamtoka, karatasi haikutikisika. Unyevu wa bahari uliiba chaji yote. Na mnaodai Kiswahili hakina maneno: babu alikuwa na tasbihi ya kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe. Wagiriki kaharabu waliiita elektron, jina la umeme Ulaya likatoka hapo. Waarabu nao umeme wanauita kahraba. Neno tulikuwa nalo mkononi tunahesabia nyuradi.

Kichwa Ngumu: Kwa hiyo sasa simu ichajiwe kaharabu? 😂

Mwalimu wa Zamu: Jamani, mada ilikuwa lugha ya kufundishia. Nimetoka kusahihisha madaftari narudi nakuta tasbihi na sweta.

Jirani wa Njombe: Mwalimu usikasirike. Je, nguo nyekundu na kioo vinaita radi kweli? Mama alikuwa anafunika kioo cha kabati kwa kanga.

Binti wa Ufipa: Hata wa kwangu. Radi haioni rangi, na kioo kilichomo ndani hakiihusu. Toka chini ya mti, ingia nyumbani, kaa mbali na mabomba na nyaya.

Kichwa Ngumu: Sawa dada, yaishe. Lakini huku Ubungo limeshatanda na linanguruma. Nifunike kioo nisifunike?

Binti wa Ufipa: Funika mdomo.